Tarehe 9, 14 na 20 Oktoba: Sikukuu na Walimu Wageni katika Shule za Kisesa



Nimeombwa nizungumzie walimu wetu wanaotoka nje ya nchi na sikukuu za taifa za kwao. Kama kuna aliyekuja kusikia habari za vibali vya kazi na ukaazi, hizo zina wenyewe. Mimi ni mwalimu wa taaluma. Kazi yangu ni ratiba, na sikukuu ya mwalimu mgeni hunijia kama tatizo la ratiba: asubuhi kabla ya kengele mtu anabisha hodi ofisini, anaomba ruhusa ya siku moja, wakati darasa la nne na kidato cha pili wako mbioni kujiandaa na mitihani ya taifa.

Shule zetu binafsi za mchepuo wa Kiingereza zimezoea kuwa na Wakenya na Waganda kwenye ofisi ya walimu. Sasa itazameni Oktoba. Tarehe 9 Waganda wanaadhimisha uhuru wao wa 1962. Tarehe 14 ni kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki 1999, na siku hiyo tunafunga shule. Tarehe 20 Wakenya wana Mashujaa, siku ambayo hadi ilipokuja Katiba ya 2010 ilikuwa ya Kenyatta. Sikukuu tatu ndani ya wiki mbili, ofisi moja ya walimu, na kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani ni moja tu iliyoandikwa kwa wino mwekundu.

Ruhusa ya siku moja haimsaidii mtu. Mganda anayepitia mpaka wa Mutukula, hata sasa ambapo Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa na foleni ya kivuko imebaki simulizi, siku yake itaishia barabarani. Mkenya ana afadhali kidogo. Mabasi ya kwenda mpakani Sirari yanapita hapa hapa kwenye barabara ya Musoma, anayaona akiwa darasani. Lakini atakapofika kwao hotuba zimekwisha, viti vimeshakunjwa, na kesho yake ana kipindi cha kwanza Kisesa.

Kwa hiyo wengi hubaki, na shule hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama haifungui mdomo, siku ikapita kama Jumanne yoyote; ama inamsimamisha mwalimu mstarini amevaa gomesi au shanga, anaimba wimbo wa taifa lake peke yake, watoto wanapiga makofi, kisha kila mtu darasani. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua ukimya. Mtu mwenye shahada ya ualimu tunamgeuza pambo la mstarini, halafu tunajisifu kwamba tumemkaribisha.

Nililoliona likifanya kazi ni dogo. Mwalimu mmoja wa jiografia, Mganda, aliomba apewe vipindi viwili vilivyofuatana na darasa la sita tarehe 9. Nilikubali shingo upande. Akachora Ziwa Victoria ubao mzima, bila mpaka hata mmoja, akawapa watoto chaki waiweke miji mahali pake: Mwanza, Musoma, Kisumu, Entebbe, Bukoba. Bukoba waliisukuma karibu iingie Uganda, ikabidi wairudishe. Kisha kando ya kila mji wakaandika mwaka wa uhuru wa nchi yake: 1961, 1962, 1963. Mtoto mmoja akauliza kwa nini haikuwa siku moja, na ziwa lenyewe ni moja.

Hapo somo likaanza. Mwalimu akawapeleka 1960, Nyerere aliposema akiwa Addis Ababa kwamba Tanganyika iko tayari kuuchelewesha uhuru wake ili Afrika Mashariki iupate pamoja ikiwa shirikisho. Laiti lingekuwa, hizi tarehe zinazonisumbua mimi kwenye ratiba huenda zingekuwa moja. Watoto wakagawanyika: wapo walioona Nyerere alikuwa sahihi, wapo waliosema nani angekubali kusubiri. Mwingine akaleta ya babu yake, kwamba Waganda walitupiga mabomu. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikadhani sasa kimeharibika. Mwalimu hakukwepa. Akasema ni kweli, mwaka 1979, na ndege yenyewe ilikuwa ya Libya, imekuja kumsaidia Amin. Ililenga akiba ya mafuta hapa Mwanza, mabomu yakaishia kuua wanyama kisiwani Saanane. Akaongeza waliyomsimulia wazee wa kwao kuhusu Aprili ya mwaka huo, wanajeshi wa Tanzania walipoingia Kampala. Kipindi kikala muda wa uji na hakuna aliyelalamika, jambo ambalo kwa darasa la sita ni habari ya gazetini.

Mashujaa nayo ina mengi ya kufundisha kuliko tunavyodhani. Tarehe 20 Oktoba 1952 Waingereza walitangaza hali ya hatari Kenya na kuanza kuwakamata viongozi. Kati ya sita walioshtakiwa Kapenguria alikuwamo Achieng' Oneko, mtu wa ziwa hili hili. Na kati ya mawakili waliokwenda kusaidia utetezi alikuwamo Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili Moshi. Mtoto wa Kisesa akiyasikia hayo haoni kama anafundishwa mambo ya watu.

Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza kama analipa ada ili mwanawe asherehekee Kenya. Nilimfungulia muhtasari wa somo nikamwonyesha Afrika Mashariki. Sijui kama aliridhika, ada alilipa.

Tena mfano wa mgeni aliyewashirikisha wenyeji tunao mlangoni. Padre David Clement, Mkanada, alipokuwa Bujora hakuwafanya Wasukuma watazamaji wa maandamano ya Ekaristi ya kwao Kanada. Sikukuu hiyo ya Juni ilikutana na ngoma, ikawa Bulabo: vyama viwili vya ngoma vinashindana, Bagika wanacheza huku, Bagalu kule, kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Najua ile ni sikukuu ya kanisa, si ya taifa. Ninachokitazama ni kwamba mwenyeji alipewa kazi ya kufanya, akaifanya kwa ujuzi wake.

Pendekezo langu, basi, halina bendera wala gwaride. Mlingoti wa shule una taratibu zake, tuuache. Mwalimu mgeni apewe vipindi viwili katika siku yake, vya kubadilishana na wenzake, na viingizwe kwenye ratiba tangu muhula wa pili unapofunguliwa Julai. Afundishe siku ile kwa somo lake mwenyewe, hata kama ni hisabati. Na chakula cha kwao kikipikwa siku hiyo, jikoni hakuna gharama ya kutisha: chapati tayari ni zetu, na ndizi za matoke zinatoka Bukoba. Madaraka ya Wakenya, 1 Juni, hutukuta ukingoni mwa muhula kila mtu na kalamu nyekundu mkononi, kwa hiyo sioni namna.

Limebaki la Desemba. Uhuru wetu tarehe 9 na Jamhuri ya Kenya tarehe 12 zote hutukuta likizo, kwa hiyo kwenye ratiba sina la kusema. Nawaomba tu wenye shule mlio humu ukumbini: mshahara wa Novemba utoke kabla hatujafunga. Nauli ya Sirari hailipwi kwa ahadi.