Jina la Waifai Likifichwa, Nani Hulijua? Mazungumzo na Wakazi wa Ruanda, Mkoa wa Songwe



Tulikuwa tumepanga kuzungumza leo juu ya ujumbe wa ulaghai katika simu, na jambo hilo tutaligusa kabla hatujaachana. Lakini tangu tulipofika jana, swali tuliloulizwa mara nyingi zaidi ni jingine kabisa: je, mtu akilificha jina la waifai yake, ili lisionekane kwenye simu za majirani, anakuwa amejikinga? Tumeona ni vyema tuanze na swali hilo, kwa sababu wapo waliokwisha kulipia ushauri huo kwa fedha zao.

Mmoja wao ni mama mwenye duka la rejareja, aliyeturuhusu tusimulie habari zake bila kumtaja. Nyumba yake iko nyuma ya duka. Alinunua ruta ya kutumia laini ya simu, akaiweka dirishani mahali ambapo mawimbi ni mazuri, ili watoto wapate kusoma na yeye apokee picha za bidhaa kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Tunduma. Bando alilokusudia limtoshe mwezi mzima likawa linaisha kabla ya nusu mwezi. Fundi akamshauri afiche jina la mtandao, akamlipa shilingi 10,000 kwa kazi ya dakika tano. Jina likatoweka kweli. Majirani wakafungua simu zao wasilione. Na bando likaendelea kuisha kama zamani.

Ili tuelewe kwa nini, yatupasa kwanza tujue ruta hufanya nini inapokaa pale dirishani. Ruta haikai kimya. Takribani mara 10 katika kila sekunde hutangaza kwa mawimbi ya redio kwamba ipo, na katika tangazo hilo hutaja jina la mtandao, njia ya mawimbi inayotumia, namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe, na aina ya ulinzi iliyowekwa. Ukiamuru jina lifichwe, matangazo hayakomi. Yanaendelea vilevile, mara 10 kwa sekunde, ila nafasi ya jina huachwa tupu. Mengine yote yamo. Ndiyo maana baadhi ya simu huonyesha maneno “mtandao uliofichwa”. Yaani mtu anayetafuta ameshajua kwamba hapo pana kitu, na pia ameshajua kwamba mwenyewe amejaribu kukificha.

Upande wa pili wa habari ndio ambao mafundi wengi hawausemi. Mtandao usipojitaja, simu ya mwenye nyumba itaupataje? Haina budi kuuita. Simu iliyohifadhi jina la mtandao uliofichwa hulazimika kulitaja jina hilo hewani, ikiuliza kama upo karibu ili ijiunge nao. Na kwa kuwa wakati huo simu na ruta bado hazijaanza kufumbiana maneno, jina hilo hupita wazi, na kompyuta yoyote ya kawaida yenye programu ya kusikiliza mawimbi, tena programu zinazopatikana bure, italisoma. Mwenye nia mbaya hahitaji ujuzi mkubwa. Anahitaji kusubiri tu mpaka mmoja wenu arudi nyumbani na simu yake ijiunge.

Sasa tazameni kinyume kilichopo. Simu za miaka ya karibuni zimetengenezwa ili zisitangaze ovyo majina ya mitandao zinayoikumbuka. Lakini kwa mtandao uliofichwa hazina njia nyingine, lazima ziite. Waliozoea kwenda Tunduma wanajua jinsi simu isivyotulia: ukisogea karibu na mpaka hudaka mnara wa upande wa Nakonde bila kukuuliza, na wapo walioona salio likiyeyuka kwa sababu hiyo. Tabia hiyo ya kutafuta ndiyo tunayoizungumzia, ingawa katika waifai. Simu yako ikiwa mfukoni stendi, sokoni au katika foleni ya forodha, inaweza kuwa inaliita jina la mtandao wa nyumbani kwako. Ni kama mtu aliyefuta jina la duka lake ukutani ili wezi wasilijue, kisha kila mtoto anayemtuma mjini akawa anapaza sauti njia nzima, “Duka la baba liko hapa?” Tena kama mtandao huo hauna neno la siri, mtu aweza kuwasha mtandao wake wenye jina hilohilo, na simu ikajiunga nao ikidhani imefika nyumbani.

Hatusemi kwamba kuficha jina ni kosa. Anayetaka jina lake lisionekane kwenye simu za wapangaji wa jirani, na aendelee. Tunachosema ni kwamba hilo si kufuli. Na wakati mwingine huleta usumbufu: televisheni au mashine ya kuchapia hukataa kuunganishwa mpaka jina liandikwe herufi kwa herufi, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo.

Turudi kwa mama yetu. Tulipomuuliza neno lake la siri, alicheka kidogo, akatuonyesha ukuta wa mbele wa duka lake. Neno la siri lilikuwa namba yake ya simu, na namba hiyo imechorwa kwa rangi ukutani, kwa ajili ya wateja wanaotaka kuagiza bidhaa. Jina amelificha, ufunguo ameuandika barabarani. Zaidi ya hayo, waliokwisha kujiunga tangu awali hawakuondolewa na kufichwa kwa jina. Simu zao zilikuwa zimehifadhi jina na neno la siri, na baada ya kurekebishwa kidogo zikaendelea kuingia.

Hatumsimangi, kwa maana yeye si peke yake. Katika mikutano yetu, namba ya simu ndiyo tunayoikuta mara nyingi, ikifuatiwa na jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Hebu tuhesabu pamoja. Namba zetu za simu zina tarakimu 10. Tatu za mwanzo zinajulikana, kwa sababu ni za kampuni za simu, nazo si nyingi. Zinabaki 7, yaani namba milioni 10 kwa kila kundi. Kwa mtu anayejaribu kwa vidole hizo ni nyingi mno. Lakini ulinzi wa aina ya WPA2, ulio katika ruta nyingi, una udhaifu wake: anayenasa maongezi ya simu na ruta wakati zinapojiunga anaweza kuondoka nayo, akakaa kwake na kubahatisha neno la siri bila kuigusa tena ruta yako. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro hujaribu maneno laki kadhaa kwa sekunde. Namba milioni 10 haziimalizi hata dakika chache.

Kwa hiyo kufuli halisi ni mambo mawili yakiwa pamoja: aina ya ulinzi, na neno la siri lenyewe. Kuhusu aina, ingieni katika mipangilio ya ruta mtazame. Kama imeandikwa WEP, huo ni ulinzi wa mwaka 1997, na ilipofika mwaka 2001 wataalamu walikwisha onyesha hadharani jinsi ya kuuvunja. Msiutumie. WPA2 ilianza mwaka 2004 na bado inafaa kama neno la siri ni imara. WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018, imeziba ule udhaifu wa kubahatisha ukiwa mbali. Ruta yako ikiwa nayo na vifaa vyako vikiikubali, ichague.

Kuhusu neno la siri, shauri letu ni kuunganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, na si vibaya moja au mawili yakawa ya lugha ya nyumbani. Mfano: trela, mbuni, jumatano, kifuniko, likifuatiwa na neno la Kinyiha mnalolijua ninyi. Ni refu kwa kompyuta kulibahatisha, na ni rahisi kwa bibi kulikumbuka. Tafadhali msiende mkalitumia hilohilo tulilolitaja, maana tumelisoma mbele ya watu wote na litachapishwa.

Jambo la tatu husahaulika sana. Ruta ina maneno ya siri mawili: moja la kujiunga na mtandao, na jingine la kufungulia mipangilio yake. Hili la pili mara nyingi ni lile la kiwandani, limeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Aliye ndani ya mtandao wako akilijua anaweza kukubadilishia mambo bila wewe kuona. Libadilisheni siku ya kwanza. Mkiwa humohumo, zimeni kile kipengele cha WPS, cha kujiunga kwa kitufe au kwa namba ya siri ya tarakimu 8. Mwaka 2011 ilibainika kwamba namba hiyo hukaguliwa nusu kwa nusu, hivi kwamba anayebahatisha hahitaji kujaribu zaidi ya mara 11,000. Mlango wa mbele ukiwa na kufuli zito na dirisha la jikoni limeegeshwa tu, mwizi hatahangaika na mlango.

Wapo watakaosema, “Lakini kwetu mgeni akifika huombwa aketi, hupewa maji, na siku hizi huomba waifai. Tumnyime?” Hapana. Ruta nyingi zina sehemu ya mtandao wa wageni. Iwasheni, muipe jina lake na neno lake la siri, na mgeni atapata intaneti bila kuvifikia vifaa vya ndani, iwe kamera au kompyuta ya hesabu za duka. Akiondoka, mnabadilisha neno la wageni tu. Hakuna aliyeaibishwa.

Mmoja wenu alituuliza asubuhi kama mtu aliyeingia katika waifai anaweza kuchukua fedha zilizo katika simu. Miamala inayofanywa kwa kubonyeza nyota na reli haipiti katika waifai, hupita katika mtandao wa kampuni ya simu. Hatupendi kuwatisha kwa jambo lisilokuwapo.

Lililopo, ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko bando, ni hili. Laini iliyo ndani ya ruta imesajiliwa kwa alama za vidole na Kitambulisho cha Taifa, kama ilivyo laini ya simu yako. Mtu akikaa nje ya ukuta wako, akatumia mtandao wako kutapeli watu au kusambaza picha chafu, njia ya uchunguzi itaanzia kwenye laini, na laini ina jina lako. Hatusemi kwamba utahukumiwa kwa kosa la mwingine. Lakini kuitwa, kujieleza, na kuacha kifaa chako kikaguliwe si jambo dogo kwa mwenye duka. Nao vijana wanaoona kuingia katika waifai ya jirani ni mchezo wajue kwamba kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili.

Tuliahidi kugusa ujumbe wa ulaghai. Ukipokea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, usiujibu. Utume kama ulivyo kwenda namba 15040, kisha taja namba iliyokutumia. Na kwa kubonyeza *106# utaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe.

Jana jioni tulikaa na yule mama dukani kwake. Tulibadilisha neno la siri la mtandao na lile la mipangilio, tukazima WPS, tukawasha mtandao wa wageni, kisha tukafungua orodha ya vifaa vilivyokuwa vimeunganishwa kabla ya kazi hiyo. Vilikuwa 11. Nyumbani kwake vipo 4. Jina la mtandao tumelirudisha lionekane kama zamani, na namba ya simu imebaki ukutani, kwa sababu wateja wanaihitaji.

Wenye ruta walizokuja nazo wasogee kwenye meza ile iliyo karibu na mlango, wenzetu wana kompyuta na watawasaidia mmoja mmoja. Neno jipya la siri mtaliandika wenyewe, sisi tutageuka pembeni. Waliobaki tunawakaribisha kwa maswali.