Amri na Unga Vitoke Pamoja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka)

Bwana Mwenyekiti, Bwana Mwalimu Mkuu, walimu, wanachama wenzangu, nanyi vijana mnaovaa leo sare tuliyoivaa sisi zamani:

Nimepewa dakika 20, na Katibu wetu amenionya kwamba kengele ni ile ile. Nitajitahidi isinikute katikati ya sentensi, kama ilivyonikuta mara nyingi katika mtihani wa hesabu.

Niliombwa nieleze kazi yangu ya Bwana Afya hapa Pwani. Kazi yenyewe mnaijua: kukagua nyama, vyoo na visima, kufunga mikahawa michafu, na kuchukiwa na wenye mikahawa hiyo. Sitaisimulia yote. Nitazungumza juu ya miezi michache tu ya mwaka 2020, nilipokuwa nimekwisha kustaafu, kwa sababu katika miezi hiyo nilikutana na swali ambalo kazi ya miaka mingi haikuwa imeniuliza. Swali ni hili: mtu mwenye pensheni ana haki gani ya kumwambia mtu asiye na akiba, “Kaa nyumbani”?

Nianzie hapa hapa shuleni. Wazee wenzangu watakumbuka muhula wa pili wa mwaka 1974, matubwitubwi yalipoingia mabwenini. Nilikuwa Kidato cha Pili. Tulifungiwa ndani ya ua wa shule kwa muda wa wiki 3. Hakuna kwenda mjini Jumamosi, hakuna mgeni, hakuna mechi. Tulinung'unika kidogo, kisha tukazoea. Ugali na maharage vilikuja kwa saa yake, kengele ililia kwa saa yake, na mashavu ya watu yakanywea. Lango likafunguliwa. Nikatoka na imani kwamba karantini ni jambo jepesi: unafunga, unangoja, unafungua.

Lakini nje ya lango alikuwako mama aliyekuwa akituuzia mihogo ya kukaanga. Kwa wiki zile 3 hakuwa na mnunuzi. Kwake walikula nini? Hakuna aliyeuliza. Mimi mwenyewe swali hilo lilinijia miaka 46 baadaye, na nitawaeleza lilivyonijia.

Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi, 2020. Shule zikafungwa siku chache baadaye. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni ile ile, pale kivuko cha Likoni, watu waliokuwa wakiharakisha kwenda makwao walitupiwa gesi ya kutoa machozi. Amri iliyokusudiwa kuwatenganisha watu ikawasonga pamoja, wakikohoa. Kisha, tarehe 8 Aprili, kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale kukapigwa marufuku. Tarehe 6 Mei, katikati ya mwezi wa Ramadhani, Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake, na ukakaa hivyo kwa mwezi mmoja.

Mtaani kwetu tuliunda kamati ndogo, na kwa kuwa nilikuwa Bwana Afya, nikapewa kiti cha mbele. Nami nilikuwa mkali. Nilijua ugonjwa unavyoenea na nilijua idadi ya vitanda vya hospitali zetu. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikisimama mbali, barakoa usoni, nikiwaambia watu wasitoke. Waliotoka niliwakemea. Siwadanganyi, ndugu zangu: nilijiona mtu wa maana sana.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto 4, alikuwa akiuza viazi vya karai na bajia kando ya barabara. Mnajua biashara ile hapa kwetu. Karai hutiwa moto jua likielekea kuzama, na wateja huja kuanzia magharibi hadi saa nne za usiku. Kafyu ya saa moja jioni haikumpunguzia kazi, iliifuta. Mumewe alikuwa utingo wa matatu. Gari la abiria 14 liliamriwa kuchukua 8, na tajiri akaona hana haja ya utingo.

Usiku mmoja wa Aprili nilisikia mlango wa uani ukigongwa polepole. Ni yeye. Nikaanza na mahubiri yangu: “Dada, saa hizi unatembea? Hujui kuna kafyu?” Akaningoja nimalize. Kisha akasema: “Bwana Afya, uliniambia nikae ndani. Nimekaa, leo siku ya kumi na nane. Sikuja kukuomba. Nimekuja uniambie, kwa kuwa wewe umesoma: sasa niwape nini watoto?”

Sikuwa na jibu. Nilimpa unga uliokuwamo nyumbani, lakini unga haukuwa jibu. Swali lake lilikuwa la haki. Mimi ndiye niliyemwamuru, na katika amri yangu hapakuwa na chakula. Hapo ndipo nilipomkumbuka mama wa mihogo.

Baadaye nilifanya hesabu ambayo ilinipasa kuifanya mwanzo. Katika nchi yetu, tukiacha kilimo kidogo cha nyumbani, zaidi ya watu 8 katika kila 10 wenye kazi wanafanya kazi zisizo rasmi: hawana mkataba, hawana likizo, wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Serikali ilitoa nafuu, nami sitaki kuidhulumu. Aliyepata shilingi 24,000 kwa mwezi au chini yake alisamehewa kodi ya mapato. Kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Mafungu ya fedha yalitengewa wazee na mayatima, na vijana wakaajiriwa kusafisha mitaa. Lakini msamaha wa kodi ya mapato humfaa mwenye hati ya mshahara. Muuza viazi alisamehewa kodi ambayo hakuwa akikatwa, juu ya mapato ambayo hakuwa nayo tena.

Sasa vijana, msiniharakishe. Msije mkasema, “Mzee anatuambia kufunga kulikuwa kosa.” La hasha. Baadhi yenu mliokaa safu za mbele mnaona kiti kitupu karibu na Mweka Hazina wetu. Aliyekuwa akikikalia tulilala naye kitanda kimoja cha ghorofa miaka 4, yeye juu, mimi chini. Alifariki Machi, 2021, wimbi la tatu lilipotupiga, baada ya siku 9 za kuhangaikia pumzi. Chanjo za kwanza zilikuwa zimefika nchini mwanzoni mwa mwezi huo huo, hazikumkuta. Yeye ni mmoja katika zaidi ya 5,600 waliohesabiwa rasmi katika Kenya. Anayeniambia ugonjwa ule ulikuwa uvumi, nitampeleka kwa mjane wake.

Kwa hiyo mimi nimesimama kati ya nyumba mbili. Katika moja kuna mjane, na katika nyingine kuna karai lililopoa. Wengi walitaka tuchague nyumba moja tuisahau ya pili. Waliokuwa na mshahara walisema, “Uhai kwanza.” Waliokuwa na njaa walisema, “Njaa nayo inaua.” Wote walisema kweli, na ndiyo maana hawakusikilizana.

Ninavyoona mimi, kufunga ni kukopa. Serikali inapofunga mji inakopa siku. Siku hizo zina thamani kubwa: katika siku hizo vitanda huongezwa, mitungi ya oksijeni hutafutwa, wauguzi hufunzwa. Lakini tuangalie anayekopesha. Siku zile hazitoki kwa mwenye pensheni. Mimi sikupoteza hata senti. Zinatoka kwa utingo, kwa kuli, kwa mpishi wa hoteli ya pwani aliyerudishwa nyumbani wageni walipokatika. Maskini ndiye anayeikopesha nchi, na mkopo usiolipwa una jina lake.

Zaidi ya hayo, mkopo huu usipolipwa hata ugonjwa wenyewe hauzuiliki. Twende mbali kidogo, Peru, katika Amerika ya Kusini, nchi ambayo wafanyakazi wake wengi nao huishi kwa kibarua cha siku. Peru ilifunga mapema, Machi 2020, kwa amri kali na wanajeshi barabarani. Lakini nyumba nyingi za maskini hazina friji, hivyo watu walilazimika kwenda sokoni kila mara, na masoko yakajaa. Serikali ilitoa fedha za msaada, na watu wakapanga foleni ndefu kwenye mabenki kuzipokea. Nchi ile ya watu milioni 33 hivi ilipoteza zaidi ya watu 200,000, na kwa kulinganisha na idadi ya watu wake ilikuwa miongoni mwa zilizoumia kupita zote duniani. Amri isiyotekelezeka haimlindi mtu. Inamfanya mhalifu tu.

Na kwa jirani zetu? Uganda ilifunga shule Machi 2020, na isipokuwa vipindi vifupi kwa baadhi ya madarasa, haikuzifungua kwa wote mpaka tarehe 10 Januari, 2022. Tanzania haikuwafungia watu ndani, na kufikia mwisho wa Juni 2020 wanafunzi walikuwa wamerudi madarasani. Lakini kuanzia Mei mwaka huo ilikaa zaidi ya mwaka bila kutangaza hesabu ya wagonjwa. Basi mmoja alikopa siku nyingi mno kutoka kwa watoto, na mwingine alifunga daftari. Mimi simcheki yeyote. Nasema tu kwamba huwezi kupima vitu viwili ikiwa kimoja hukihesabu.

Kuhusu daftari, nina kisa kimoja, na ndicho kilichonifanya nikubali kusimama hapa. Baada ya usiku ule niliwaandikia wanachama wa chama hiki tuliokuwa na namba zao za simu. Watu 63 walituma fedha kwa M-Pesa, kila mtu kwa uwezo wake. Tukauliza: tumpe nani? Orodha iliyotoka katika ofisi moja ilikuwa na majina ya marehemu wawili na ya mtu mmoja mwenye nyumba za kupangisha. Kuwaita watu waje wapange mstari tuliogopa. Tarehe 10 Aprili, kule Kibra, Nairobi, watu waligombania chakula cha msaada wakakanyagana na kuumizana.

Aliyetutoa gizani ni mwenye duka la pembeni. Alisema, “Nyinyi mnatafuta orodha, na orodha ninayo.” Akatoa daftari lake la madeni. Mle mlikuwa na kila kitu: nani alikuwa akinunua unga kilo 2 na sasa ananunua robo, nani ameacha maziwa, nani alilipa kila Ijumaa na sasa ni Ijumaa ya tano hajaonekana. Hatukumwomba atusomee majina. Tulimpa fedha, naye akafuta madeni na kuwafungulia watu hesabu mpya, akituonyesha jumla tu kila wiki. Hakuna aliyepanga mstari, hakuna aliyepigwa picha akipokea kifurushi. Na nawaambieni, nyumba zile zilizopata unga zilikaa ndani bila kukemewa.

Hatukuwafikia wote, wala hatukuwahi. Binti mkubwa wa jirani yangu alikuwa Kidato cha Pili, kama mimi wakati wa matubwitubwi. Shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021, hakurudi. Alikuwa amepelekwa mji mwingine kulea mtoto wa watu, na mshahara wake ulikuwa umekwisha kuingia katika bajeti ya nyumbani. Leo anakaanga viazi na mama yake. Kila alasiri tulisomewa hesabu ya waliougua, waliopona na waliokufa. Hesabu ya waliokatishwa masomo haikusomwa.

Ninyi vijana, miongoni mwenu watatoka madaktari, makamishna wa kaunti, labda hata mawaziri. Ugonjwa mwingine utakuja. Kwa kazi niliyoifanya, hilo silitilii shaka. Siku hiyo mtaketi mezani, na mbele yenu patakuwa na karatasi ya kutia sahihi. Nawaombeni mambo matatu. Kwanza, kama mnafunga, semeni mnafunga ili kufanya nini, na kwa siku ngapi, kisha fanyeni kazi hiyo katika siku hizo. Pili, amri na unga vitoke ofisini katika gari moja. Unga ukichelewa, amri nayo ingoje. Tatu, kabla ya kutia sahihi, jiulizeni nani yuko nje ya lango.

Nasi wazee tusiwaachie vijana peke yao. Napendekeza kwamba mfuko ule wa watu 63 usivunjwe, bali uandikwe katika katiba ya chama chetu. Kazi yake ya kwanza iwe kuwalipia karo wanafunzi wa kike na wa kiume wa mitaa inayoizunguka shule hii, ambao masomo yao yalikatika mwaka ule na bado wanataka kurudi. Jirani yangu ameniambia binti yake anataka.

Yule mama wa mihogo sikuwahi kulijua jina lake. Nimeuliza, na hakuna anayemkumbuka. Deni lake siwezi tena kumlipa. La binti huyu tunaweza.

Bwana Mwenyekiti, naona mkono wa mpiga kengele unanyanyuka.