Si masikio, ni ordinateri: maongezi juu ya vijana wanaojifunza Morse

Katika mkutano uliopita mulinipa kazi niangalie mambo ya vijana wetu wanaojifunza Morse kwenye ordinateri ya chama, sababu wawili wamekwisha kuacha na wa tatu alikuwa njiani. Huyo wa tatu njo nitaanza naye.

Binti yetu huyo, programu ikipiga R, anaandika N. Ikipiga A, anaandika T. P anaandika G. Sisi wazee tuliokaa kwenye foni wakati wa kambi tukamwambia: mwanangu, masikio yako ni mazito, rudilia. Akalia. Na sisi wenyewe, tuseme kweli, kwenye foni tulikuwa tunasema kwa mdomo tu, Morse hatuijui!

Sasa angalieni. R ni nukta, mstari, nukta. Ondoa nukta ya kwanza: inabaki mstari na nukta, ni N. A bila nukta yake ni T. P bila nukta ya kwanza ni G. Mtoto aliandika sawasawa kile alichosikia. Ordinateri njo ilikuwa inameza mwanzo wa herufi.

Kwa nini? Programu inapiga herufi moja, halafu inangoja jibu. Katika kile kimya, ekuteri za Bluetooth zinalala ili kutunza betri. Sauti ikija, zinachelewa kidogo kuamka. Kwa wimbo huwezi kujua. Lakini kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika, nukta moja ni milisekunde 60 tu, imekwisha kupita. Mstari ni mara tatu yake, huo unakatwa kidogo lakini unasikika bado. Ndiyo maana makosa yake yalikuwa kwenye herufi zinazoanza na nukta, na K na M alikuwa anapata bila shida.

Tulimpa ekuteri za waya. Makosa yale yakaisha siku ileile. Hata ordinateri yenyewe inaweza kulaza sehemu yake ya sauti. Hapo muache kitu kingine kipige sauti ndogo sana chini yake, haitalala.

Kama sauti inakwaruza ao inakatika katikati, mufunge programu zingine zote, na mutoe ile hali ya kutunza betri. Mutoe pia kile kinachoitwa kuboresha sauti ao kupunguza kelele: mlio wa Morse ni mmoja, haubadiliki, na mashine inaweza kuuzania ni kelele, inaupunguza.

Kama hakuna sauti hata kidogo, kwanza mupige wimbo. Wimbo ukisikika, shida iko kwa programu: mara nyingi sauti yake peke yake imefungwa. Wimbo usiposikika, mubonyeze alama ya spika, muone sauti inaelekezwa wapi. Siku moja tulihangaika saa nzima, kumbe ilikuwa inaenda kwenye televisheni iliyozimwa.

Wale wawili walioacha, wazazi wao wako hapa ndani. Nao walikuwa wanatumia ekuteri zilezile. Tafazali muwaambie warudi siku ya posho, saa tatu ya asubui. Ekuteri za waya ziko tatu, na mimi mwenyewe nitakuwa pale kuwaomba musamaha.