Treni Ikichelewa, Nani Atuambie?

Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi waliokutana Kikima



Nilikuwa nimekuja na karatasi zangu. Lakini kabla sijapewa kipaza sauti, mama mmoja ameniita kando akaniuliza jambo, na nimeona afadhali nilijibu mbele yenu nyote.

Mwanawe anafanya kazi Mombasa. Siku ya mazishi ya baba yake alipanda treni ya asubuhi, ashuke Emali, apande gari la Wote, kisha aje huku juu. Treni ikasimama nyikani. Simu yake ikazima. Hapa nyumbani watu wakakaa na jeneza huku wakitazama barabara: wangoje au wazike? Mama hakuniuliza kwa nini treni ilichelewa. Ameniuliza, "Kwa nini hakuna aliyetuambia?"

Nianze na jambo ambalo tukiwa maafisa wa kaunti huwa tunalipitia haraka. Reli si kazi ya serikali ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeiweka reli upande wa serikali ya kitaifa, chini ya Shirika la Reli. Kaunti imeachiwa barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Kwa hiyo mtu akisimama hapa akawaahidi kwamba kaunti itaifanya treni ifike kwa wakati, muulizeni ataisukuma kwa mikono gani.

Hata hivyo, vituo vitatu vya abiria vya reli hiyo ya SGR viko kwetu Makueni: Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Watoto wetu ndio wanaoshukia hapo. Hatuwezi kusema hayatuhusu.

Sasa nieleze kwa nini treni husimama mahali ambapo hakuna kituo wala nyumba. Reli hii ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ni njia moja. Treni inayopanda na inayoshuka hutumia vyuma vile vile, na haziwezi kupishana ila pale palipojengwa njia ya pili ya pembeni. Ni kama barabara yetu nyembamba ya mlimani: ukikutana na lori, mmoja wenu atarudi hadi penye nafasi. Tofauti ni kwamba treni hairudi nyuma. Ni lazima ingoje mapema, na mwenye kuamua ni yule anayeongoza safari kwa mitambo, si dereva.

Juu ya njia hiyo moja kuna treni za mizigo kutoka bandarini, ambazo zilianza mwaka 2018. Hizo ni ndefu na nzito, na mwendo wake ni wa chini kuliko wa treni ya abiria, ambayo imeundwa kufika kilomita 120 kwa saa. Kwa hiyo treni moja ikipata hitilafu karibu na Voi, nyingine hazina pa kupita. Dakika 20 zilizopotea huko chini zinaweza kuwa saa nzima zikifika Emali, kwa kuwa kila treni inangojana na mwenzake.

Na sisi wa vituo vya katikati tuna shida yetu ya pekee. Treni inayosimama kwetu ni ile ya asubuhi, moja kutoka kila upande. Zile za moja kwa moja huzisikia tu zikipita. Mtu wa Nairobi akikosa treni ya asubuhi atajaribu ya alasiri. Wewe wa Kibwezi ukiikosa, siku imekwisha.

Zamani kulikuwa na reli ya pili. Reli ya Uganda iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi mwaka 1899 ilikuwa na vituo Makindu, Kima na Sultan Hamud, na wazee hapa waliipanda. Sisemi ilikuwa na haraka. Hiyo ilianza kucheleweshwa hata kabla haijakamilika, maana mwaka 1898 simba wa Tsavo waliwala wafanyakazi mpaka ujenzi wa daraja ukasimama. Lakini treni yake ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa ilikoma mwaka 2017, SGR ilipoingia. Leo SGR ikisimama, hakuna reli nyingine ya kukimbilia. Tuliona mwaka 2020 wakati wa korona: treni za abiria zilisimamishwa Aprili, zikarudi Julai tarehe 13.

Nitasema pia lisilopendeza. Ua wa reli ukikatwa, ng'ombe huingia. Treni ya kasi ile haishiki breki kama bodaboda, na ikimgonga mnyama ni lazima isimame ikaguliwe. Kuna wanaokata ua huo ili wapitishe mifugo, na wengine ili wauze vyuma. Mtakumbuka Januari 2022 serikali ya kitaifa ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchini kote kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Kikima ni mbali na reli, najua. Lakini mizani ya vyuma chakavu imefika hata masoko ya mlimani. Ukiletewa chuma usichokielewa, kikatae, umwambie chifu.

Basi nirudi kwa swali la mama, nani alipaswa kumwambia?

Sheria inajibu vizuri kuliko mimi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo. Kinahusu mashirika ya umma pia, si maduka tu. Mwenye tiketi si ombaomba. Treni ikisimama, ana haki ya kuambiwa kwa nini na itaondoka lini.

Asipoambiwa, aandike. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema ombi la habari liwe la maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Sikieni hapo: kwa Kiswahili. Huhitaji wakili. Ofisi iliyoandikiwa inapaswa kujibu haraka iwezekanavyo, na isizidi siku 21. Isipojibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile watu wanaiita Ombudsman. Andika tarehe, kituo, nambari ya treni na saa uliyofika, na tiketi usiitupe. Barua inayosema tu "treni huchelewa sana" ni rahisi kuwekwa kando.

Upande wetu hatuna sababu ya kujitetea. Taarifa ya mabadiliko ya ratiba ikija, huwa tunaiweka mtandaoni kwa Kiingereza, halafu tunasema tumewajulisha wananchi. Mama huyu hana Facebook. Kuanzia sasa taarifa ya treni inayofika mezani kwangu nitaituma kwanza kwa wasimamizi wa wadi na machifu, kwa Kiswahili na Kikamba, na kwa redio za Kikamba. Isipofika, nilaumuni mimi.

Kwa wenye misiba na harusi, naomba mgeni wa treni aje siku moja kabla. Na kabla hajapanda, awape nyumbani nambari ya mtu mwingine aliye naye safarini, si yake tu. Kwa wenye magari ya Wote, tafadhali mkubaliane angalau gari moja libaki hadi abiria wa treni washuke. Hilo ni la steji, na mnaweza kulimaliza leo hapa hapa.

Mama aliniambia walizika saa kumi na moja jioni, na kijana alifika gizani akakuta watu wakikunja turubai. Amekubali niwaeleze haya mradi nisitaje jina.

Sasa nipeni maswali. Nianze na yule mzee aliyeinua kofia.