Waraka wa Dola 79,449
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme juu ya kompyuta. Zinavyofanya kazi wataeleza wengine. Mimi nitasema juu ya vijana wa Marekani waliozipenda mapema, na vijarida walivyovitoa chini kwa chini.

Mambo yalianzia kwenye simu. Mwaka 1971 kilitoka New York kijarida cha YIPL, baadaye kikaitwa TAP, kikifundisha kupiga simu bila kulipa. Mitambo ilitambua laini iliyo wazi kwa mlio wa hezi 2600, na filimbi ya kitoto iliyotiwa katika maboksi ya nafaka ilitoa mlio uleule. Ndiyo asili ya jina la jarida la 2600, lililoanza 1984. Mondo 2000 la Berkeley lilifuata 1989. Hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa na mapambo kuliko maarifa.

Ninalotaka tukae nalo ni Phrack, la mwaka 1985. Halikuwa la karatasi. Lilipita katika nyaya za simu, kompyuta hadi kompyuta. Mhariri wake mmojawapo, Craig Neidorf, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Missouri. Mwaka 1989 alitoa sehemu ya waraka wa kampuni ya BellSouth kuhusu uendeshaji wa simu za dharura. Waraka ulikuwa umechukuliwa na mtu mwingine katika kompyuta ya kampuni. Mwaka 1990 Neidorf akashtakiwa Chicago, ikadaiwa kwamba waraka ule una thamani ya dola 79,449.

Ndugu zangu, mimi ni mtumishi wa serikali, na hesabu za namna hii nazifahamu zinavyopikwa. Walijumlisha hata bei ya kompyuta iliyouandika na programu zake. Ni sawa na kusema barua ya ofisi ina thamani ya meza, kiti na taipureta ya karani! Utetezi ukaonyesha kwamba habari kama zile mtu yeyote aliweza kuziagiza kwa dola 13. Mashtaka yakaachwa kabla kesi haijaisha, lakini kijana alibaki na deni kubwa la mawakili.

Vijana, msinielewe vibaya. Kuingia katika kompyuta ya watu ni kosa, na vijana watatu wa Atlanta walifungwa kwa hilo mwaka uleule. Lakini mwizi ni mmoja na mchapaji ni mwingine. Na sisi wenye mihuri ya SIRI mezani tujiulize: nimewahi kuuona umepigwa juu ya ratiba ya kikao, chai ikiwemo.

Toleo lile, la 24, bado linasomeka katika intaneti. Mwalimu akiruhusu, vijana wausome waraka wenyewe. Nawaonya tu kwamba unachosha kupita kiasi.