Timu ya Tabora na Mwaka wa Mashaka

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za mpira wa miguu, na huenda wengine wakastaajabu kwamba waalimu wa chuo cha ualimu hawakupata neno kubwa zaidi la kusema. Walakini mkitusikiliza mpaka mwisho mtaona ya kuwa habari hii si ya mpira peke yake. Sisi tukaao Tabora tuliifuata timu yetu msimu mzima wa 2024/25 na miezi iliyoufuata, na katika muda huo huo nchi yetu ilipita katika mashaka ambayo hatukuwa tumeyazoea.

Kwanza yatupasa kueleza mahali penyewe. Zamani za misafara Tabora ilikuwa njia panda ya bara. Mtu aliyetoka Bagamoyo na mzigo alitembea yapata miezi mitatu mpaka kufika Unyanyembe, na hapo njia iligawanyika, moja ikienda magharibi mpaka Ujiji, nyingine ikienda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, nao waliifanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari. Kisha ikaja reli, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo kwa sehemu kubwa ilifuata mkondo ule ule wa miguu ya watu. Na mtu akitazama timu za Ligi Kuu za msimu wa 2023/24 ataona kama kwamba zimepiga hema kando ya njia ile: Dodoma Jiji huko Ugogo, kisha Singida, kisha Tabora United, na mwisho Mashujaa ya Kigoma ziwani. Kirangozi wa zamani angefufuka angezitambua zote kwa vituo vyake.

Tabora haikuwa ngeni katika mpira. Wazee waikumbuka Milambo, na wengi wetu tuliiona Rhino Rangers ikipanda na kushuka katika msimu mmoja tu, wa 2013/14. Tabora United yenyewe ilikuja kwa njia nyingine. Jina lake la kwanza lilikuwa Kitayosce, na asili yake Kilimanjaro. Ilipanda daraja mwaka 2023, ikabadili jina. Wazee wakanung'unika, wakasema mtoto wa kupewa hafanani na wa kuzaliwa. Na mwanzo wake ulikuwa wa kutia haya kweli. Mwezi wa Agosti 2023, katika mchezo wa kwanza wa ligi dhidi ya Azam huko Chamazi, timu iliingia uwanjani na wachezaji pungufu, maana wengine vibali vyao havikuwa tayari. Azam ilikwisha kupata mabao manne wakati wachezaji wetu walipopungua chini ya saba, na kwa sheria mchezo ukakoma. Twaomba mlikumbuke jambo hili, maana tutalirudia. Msimu ule timu iliponea chupuchupu katika michezo ya mtoano.

Basi ikaja tarehe 7 Novemba 2024. Tulikuwa tumekusanyika katika bwalo la chuo, waalimu na wanafunzi, tukisikiliza redio. Tabora United walikuwa Dar es Salaam wakicheza na Yanga, mabingwa wa nchi. Hatukutazamia lo lote jema. Hata Offen Chikola alipofunga, mmoja wetu alisema, "Ngojeni, watatukasirikia sasa." Lakini mchezo ulikwisha mabao matatu kwa moja, na matatu yalikuwa yetu. Usiku ule pikipiki zilizunguka mji kwa honi, na siku nane baadaye Yanga walimwachisha kazi mwalimu wao.

Hapa hatuna budi kukiri jambo la kuchekesha. Watu wa Tabora walio wengi wana timu mbili moyoni: ya nyumbani, na moja katika zile mbili kubwa za Kariakoo. Yanga walipokuja kulipiza mwezi wa Aprili 2025, uwanja wetu wa Ali Hassan Mwinyi ulijaa kijani na njano, na wenyeji wakashangiliwa kwa haya katika mji wao wenyewe. Tukafungwa matatu kwa bila. Hata hivyo msimu ulikwisha timu ikiwa ya tano, na kwa mtoto wa kupewa si haba.

Wiki ile ile moja baada ya mchezo, habari nyingine zikaingia. Tarehe 9 Aprili Bwana Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa huko Mbinga, na siku ya pili akashitakiwa kwa uhaini. Siku chache baadaye Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba chama chake hakitashiriki katika uchaguzi wa mwaka ule, kwa kuwa hakikutia sahihi kanuni za maadili. CHADEMA wenyewe walikuwa wakisema kwamba bila mabadiliko ya sheria hakuna uchaguzi. Katika chumba cha waalimu sauti zikashuka. Sisi ni watumishi, na mtumishi hujifunza mapema lini afunge mlango.

Lakini vijana hawana milango. Walianza kuzungumza siasa kwa maneno ya mpira, na sisi tulijidai hatuelewi. Mmoja akatuuliza darasani habari za mchezo ule wa Chamazi: timu moja ikikosa watu wa kutosha uwanjani, mabao ya mwenziwe yahesabiwe kuwa nini? Mwingine akajibu kwamba kosa ni la timu isiyotengeneza karatasi zake. Wa tatu akauliza ni nani aliyeandika sheria za karatasi hizo. Darasa likanyamaza, wakatutazama. Tukasema, "Haya, turudi katika somo."

Na somo lenyewe, kwa ajabu, lilikuwa historia ya mji huu. Mwezi wa Januari 1958 TANU walikutana hapa Tabora, nao walikuwa na swali lililokaribia hilo. Serikali ya kikoloni ilitaka kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi waliona ni matusi, wakataka kususia. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amesoma katika mji huu na kufundisha hapa, akawashawishi waingie katika uchaguzi ule pamoja na ubaya wake, na TANU wakashinda. Watu wameliita jambo lile Uamuzi wa Busara. Bwana Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake. Vijana wetu waligawanyika juu ya habari hii. Wengine walisema CHADEMA wangefuata mfano wa 1958. Wengine walijibu kwamba wale wa 1958 waliamini ya kuwa kura zao zitahesabiwa kwa haki, na mtu asiyeamini hivyo hawezi kulazimishwa na mfano. Twaona kwamba hawa wa pili walikuwa na hoja, ingawa siku ile hatukuwaambia.

Kabla ya msimu mpya timu ilibadili jina mara nyingine. Mamlaka ya Mapato iliichukua, ikaitwa TRA United. Mzee mmoja jirani yetu alicheka sana. Zamani, alisema, kila msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulilipa hongo, ndipo ukaruhusiwa kuendelea. Sasa mtoza ushuru mwenyewe ameingia uwanjani na jezi.

Hata ikafika tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Katika Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na miji mingine watu waliandamana, wengi wao vijana, na risasi zikapigwa. Intaneti ikakatika nchi nzima. Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Tarehe 1 Novemba ikatangazwa kwamba Rais Samia Suluhu Hassan ameshinda kwa asilimia 97.66 ya kura, na tarehe 3 akaapishwa huko Dodoma. Watu waliuawa, hesabu yao imekuwa jambo la mabishano tangu siku ile.

Mwaka 1871 Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ilifungwa, na watu wa mji huu wakakaa wasijue ya mbele. Hatukutazamia kuyajua maisha hayo. Simu zilikuwa mikononi, nazo zilikuwa kama vijiwe. Mwanafunzi mmoja alikuwa na kaka yake Temeke, ambaye kila wiki alimpelekea picha za michezo. Alikaa barazani siku nyingi akiitazama simu. Kaka alipopatikana mwishowe alisema maneno mawili tu, "Tupo, mdogo wangu," kisha sauti ikakatika.

Mwenzake hakupata simu ya namna hiyo. Aliitwa nyumbani kwa msiba, na kitanda chake kikakaa kitupu wiki mbili. Alikuwa mlinda mlango wa timu ya chuo. Wenzake hawakutaka kuweka mwingine mahali pake, wakacheza mazoezi na goli lisilo na mtu, kila mmoja akipiga mpira kando kwa makusudi.

Aliporudi hakueleza neno, nasi hatukumwuliza. Jumamosi akavaa glavu zake, akaenda kusimama golini, na mmoja wetu akapuliza filimbi. Jioni ile, chini ya miembe, swali la mwezi wa Aprili liliulizwa tena. Safari hii hatukusema turudi katika somo. Tulivuta viti, tukakaa nao mpaka giza likaingia.