Pikapu Zilizoinuliwa Pua



Mada niliyopewa ni usalama wa magari yaliyobadilishwa magurudumu na springi kupita kiasi. Huenda wapo wanaoiona kuwa ni mada ya vijana wenye fedha za kuchezea, isiyostahili kuwakalisha watu wazima jioni nzima. Sikubaliani nao. Barabara ni mali ya wote, na mtu anayelibadili gari lake kwa kujifurahisha humbadilishia hali hata yule anayetembea kwa miguu kando yake, ambaye hakuulizwa.

Nitazungumza zaidi juu ya jambo lililotokea Marekani, kwa sababu huko ubishi huu ulifika mpaka kwenye mabunge ya majimbo na sheria zikatungwa. Sheria hizo zafaa kutazamwa kwa makini na sisi tuliozoea kuandika makatazo kwa maneno ya jumla.

Katika majimbo ya North Carolina na South Carolina ulizuka mtindo wa kuinua pikapu upande wa mbele na kuishusha nyuma, mpaka gari likaonekana kama mbwa aliyekaa kitako. Asili yake ni magari ya mashindano ya jangwani kule California. Gari la mashindano huruka juu ya matuta ya mchanga, na likitangulia kutua kwa pua laweza kupinduka. Ndiyo maana mafundi wake hulisimamisha pua juu, litue kwanza kwa magurudumu ya nyuma. Lakini gari hilo limeundiwa springi na shokapu za kazi hiyo, dereva wake amevaa kofia ngumu, na mbele yake hakuna mtoto anayetoka shule. Aliyeiga mjini alichukua sura akaacha sababu.

Tena aligeuza kinyume kabisa mpango wa mtengenezaji. Pikapu tupu kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa imeinuka kidogo nyuma, ili ikipakiwa mzigo ikae sawa. Aliyeishusha nyuma ikiwa tupu amekwisha kula nafasi ya springi kabla hata ya gunia la kwanza kupakiwa.

Sasa tutazame macho ya dereva, maana hapo ndipo palipo na hatari kubwa kuliko zote. Walimu wa hesabu mnaweza kuichora hii ubaoni kwa pembetatu zinazofanana. Tuchukue pikapu ambayo macho ya dereva yako meta 1.7 kutoka ardhini, na ncha ya mbele ya boneti iko meta 2.3 mbele ya macho hayo, kwa kimo cha meta 1.2. Gari likiwa sawa, dereva haoni ardhi mpaka kiasi cha meta 5.5 mbele ya bampa, na mtoto mwenye kimo cha meta 1 humpotea akiwa karibu na bampa kwa chini ya meta 1. Inua mbele kwa sentimeta 25, na umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma uwe meta 3.5. Dereva mwenyewe naye ameinuka kidogo, lakini boneti imeinuka zaidi. Ardhi sasa inafichika mpaka kiasi cha meta 10, na mtoto yule anapotea akiwa bado zaidi ya meta 3 mbele ya gari. Katika meta 3 hizo yaweza kusimama safu nzima ya wanafunzi wa darasa la kwanza, na dereva mwenye macho mazima, asiyelewa, asiyekimbia, asiwaone.

Jambo hilo ni zito, kwa sababu mahubiri yetu ya usalama barabarani mara nyingi humlenga dereva mlevi na dereva mwenye haraka. Huyu si mmoja wao. Waweza kumhubiria uangalifu mwaka mzima naye akakusikiliza kwa moyo mweupe, lakini uangalifu haupenyi bati la boneti.

Taa nazo zina hesabu yake. Mwanga hafifu wa taa za mbele huelekezwa kushuka, takriban sentimeta 1 kwa kila meta 1. Kwa hiyo katika umbali wa meta 50, ukingo wa juu wa mwanga huo uko nusu meta chini ya kimo cha taa. Inua pua kwa sentimeta 10 tu bila kurekebisha taa, nao ukingo ule ule, katika umbali ule ule, unapanda karibu meta 1 juu ya kimo cha taa. Mwenye gari dogo anayekuja mbele hupigwa na mwanga mzima usoni, na kwa nukta chache anaendesha kama kipofu. Aliyempofusha hana habari, pengine anajiona mstaarabu kwa kuwa amepunguza taa.

Kuhusu magurudumu yenyewe nitasema kwa ufupi. Breki ile ile, ikikanyagwa kwa nguvu ile ile, ikipewa tairi la kipenyo cha sentimeta 84 badala ya 70, nguvu yake ya kuzuia inayofika barabarani hupungua kwa sehemu moja katika sita. Spidomita isiporekebishwa husoma kilometa 100 wakati gari linakwenda 120. Wengine, badala ya kuinua gari, hulishusha hadi likaribie kusugua lami, kisha wakayalaza magurudumu yake kama miguu ya kigoda. Huko Japani mtindo huu hupewa jina lenye neno la zimwi ndani yake. Gurudumu lililolazwa hivyo hukanyaga kwa ukingo wa ndani tu. Mwenye gari amenunua tairi pana kwa bei kubwa, na amebaki na ukanda mwembamba wa kushika barabara siku ya mvua.

Nirudi Marekani. North Carolina ilikuwa na sheria hata kabla ya mtindo huu kuenea: bila kibali, kimo cha gari kilichowekwa na mtengenezaji kisibadilishwe kwa zaidi ya inchi 6, mbele au nyuma. Mtaona tundu lilipo. Mtu aliweza kuinua mbele inchi kadhaa, akashusha nyuma inchi kadhaa, na kila upande ukapimwa peke yake ukaonekana halali. Sheria mpya, iliyotiwa saini na Gavana Roy Cooper mwaka 2021 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo, ililinganisha pande mbili: madigadi ya mbele yasizidi ya nyuma kwa inchi 4 au zaidi, yaani kama sentimeta 10. Anayepatikana na hatia mara tatu ndani ya mwaka mmoja hunyang'anywa leseni kwa muda usiopungua mwaka.

Virginia ilifuata Machi 2022, baada ya mtu mmoja kupoteza maisha mwezi Februari katika ajali iliyohusisha pikapu ya namna hiyo. Sheria ya huko haikusubiri, ilianza kutumika mara moja. South Carolina ilipitisha ya kwake mwaka 2023, na kwa siku 180 za mwanzo tangu Novemba mwaka huo polisi walitoa maonyo tu. Baada ya hapo faini ni dola 100, kisha 200, kisha 300 pamoja na kufungiwa leseni mwaka mmoja.

Wapo waliolalamika kwamba serikali imeingilia uhuru wa mtu na mali yake. Hoja hiyo si ya kubezwa. Rangi ya gari, muziki wake, mapambo yake, hayo ni ya mwenyewe, na mimi nisingependa kuona askari akipewa madaraka ya kukamata gari kwa kuwa sura yake haimpendezi. Ndiyo sababu ninathamini ile inchi 4. Askari hahitaji kubishana na kijana juu ya ladha, anahitaji futi kamba. Ujerumani wamekwenda mbali zaidi: mabadiliko yanayotazamiwa kuhatarisha watumiaji wa barabara huliondolea gari ruhusa yake ya kutembea mpaka likaguliwe na kuthibitishwa upya. Japani nao hawaruhusu gari ambalo tumbo lake liko chini ya sentimeta 9 kutoka ardhini, na gari la binafsi hukaguliwa miaka 3 baada ya kusajiliwa, halafu kila baada ya miaka 2.

Nimeitaja Japani kwa sababu magari mengi tuliyo nayo hapa yametoka huko yakiwa yamekwisha kutumika. Yakivuka bahari, ukaguzi ule wa kila miaka 2 hubaki nyuma, na gari huingia mikononi mwa mafundi wetu. Hapa kwetu watu wengi huinua magari kwa sababu ya haki kabisa: barabara ya kwenda kijijini ina mawe na makorongo, na mwalimu mwenye gari dogo hana njia nyingine ya kufika shuleni. Fundi huweka kipande juu ya springi, gari likapata sentimeta chache. Mtu huyo simlinganishi na wa Carolina. Lakini mpira wa breki uliovutwa, taa zilizoinuka na usukani uliokaa pembe isiyo yake havijui kama mwenye gari alikuwa na shida au na mbwembwe.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kutumia gari bovu. Neno hilo "bovu" linamtosha askari anayekuta tairi kipara au breki zinazovuja. Gari ninalolizungumzia mimi lina tairi jipya, shokapu mpya, rimu zinazong'aa. Hakuna kifaa kimoja utakachokiita kibovu. Ubovu uko katika vipimo, na vipimo havionekani mpaka mtu apime. Fundi aliyeinua gari angeweza kupima kimo cha mbele na cha nyuma, akaziwasha taa mbele ya ukuta na kuzirekebisha, akakagua mipira ya breki, kabla ya kupokea fedha yake. Kazi hiyo haizidi saa moja. Ningependa kusikia kwenu, hasa ndugu zangu mnaofundisha katika vyuo vya ufundi, kama saa hiyo moja imo katika mafunzo mnayotoa.